Joseph Thomson

Joseph Thomson (14 Februari 1858 – 2 Agosti 1895) alikuwa mwanajiolojia na mpelelezi kutoka Uskoti. Jina lake limebaki katika swala tomi, swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye wageni wanaopitia Karatu kwenda Ngorongoro humwona kwa wingi. Thomson mwenyewe hakufika kwenye kasoko ya Ngorongoro.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti, akiwa mtoto wa fundi mwashi. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwaka 1879 alifika Afrika ya Mashariki kama msaidizi wa Keith Johnston, aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na Thomson, mwenye umri wa miaka 21, akashika uongozi. Alifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880. Sifa kubwa ya safari hiyo inamstahili mnyapara wa wapagazi, James Chuma, mmoja wa watu waliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Bila yeye kijana huyo mgeni asingefika mbali.

Safari ya Umasaini

Machi 1883 Thomson aliondoka Mombasa. Mara ya kwanza alirudi nyuma, kwa sababu Wamasai walikuwa wamepigana na msafara wa Mjerumani Gustav Fischer uliomtangulia. Akaungana na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa chini ya Jumbe Kimameta, akaingia tena. Alilipa hongo ya shanga, nyaya na nguo. Pia alijifanya laiboni wa Wazungu: alitoa meno yake ya bandia na kuyarudisha, akatia chumvi ya dawa majini ili yatoe povu. Kwa njia hiyo alipita Naivasha na Baringo bila vita, akafika Ziwa Viktoria Desemba 1883. Siku ya mwisho ya mwaka huo alijeruhiwa na nyati, kisha akaugua kuhara damu. Alifika pwani mwaka 1884.

Mwaka huohuo mtaalamu Albert Günther alimpa swala yule jina la Thomson, ingawa wenyeji walimfahamu tangu zamani. Njia ya Thomson ilifuatwa baadaye na misafara ya Waingereza iliyokwenda kuitawala Uganda.

Miaka ya mwisho

Alisafiri pia Sokoto na Moroko. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilimtuma Katanga, lakini ndui iliwapata wapagazi wake na hakufika. Alifariki London akiwa na miaka 37, akazikwa Edinburgh.