Percy Bridgman, mtu aliyefinya kioo kikakataa kurudi

Sisi wote tunajua kioo ni kitu cha kuvunjika. Chupa ikianguka, imekwisha. Lakini kulikuwa na Mmarekani mmoja aliyekifinya kioo kwa nguvu kubwa sana, kikapungua ukubwa, na hata alipokiachilia hakikurudi vile kilikuwa. Ni Percy Williams Bridgman, na leo tunawaletea maisha yake.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1900 aliingia Universite ya Harvard, na ni kama hakutoka tena. Alisoma hapo, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1908, akafundisha hapo mpaka 1954.

Kazi yake ilikuwa moja: kufinya vitu na kuangalia vinageuka namna gani. Nguvu hiyo inapimwa kwa atmosfera. Atmosfera 1 ni uzito wa hewa unaomfinya kila mtu aliye kando ya bahari. Wakati ule mashini zilifika kama atmosfera 3,000 tu, ukizidisha, zinavuja. Siku moja mashini yake iliharibika, na alipokuwa anaitengeneza akatunga kizibo cha namna mpya: nguvu ikizidi ndani, kizibo nacho kinajikaza chenyewe. Kuvuja kukaisha! Sasa kilichobaki kumzuia ni ugumu wa chuma. Baadaye alitumia kabidi ya wolfram, ile wolfram inayochimbwa hata huku kwetu Kivu, akapita atmosfera 100,000.

Alipenda kufanya kazi kwa mikono yake, na alifinya karibu kila kitu. Maji yakawa barafu za aina nyingine, nzito kuliko maji yenyewe. Mwaka 1914 alifinya ute wa yai, ukaganda kama umepikwa, na moto haukuwako. Mwaka 1939, udikteta ulipokuwa unaenea Ulaya, alitangaza kwamba wanasayansi wa nchi za namna hiyo hawataingia tena katika labo yake. Wengine walimlaumu, wengine walimsifu. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sasa turudi kwenye kioo. Kioo cha kawaida kinatoka kwenye mchanga, ni kusema silisi: silisiumu na oksijeni. Kila atomu ya silisiumu inazungukwa na oksijeni 4, kama jumba dogo lenye pembe 4. Majumba hayo yanashikana pembe kwa pembe, lakini hayakupangwa kwa mistari kama katika chumvi. Katikati yao kuna nafasi tupu nyingi.

Mwaka 1953 Bridgman na mwenzake Ivan Šimon walichukua kioo cha silisi safi, wakakifinya. Chini ya atmosfera kama 100,000, ukiachilia, kinarudi kama mpira. Ukipita hapo, hakirudi chote. Walipofika karibu 200,000, kilibaki kizito zaidi kwa ukubwa uleule, karibu asilimia 7. Leo tunajua sababu. Majumba yanajipinda, yanaingia katika zile nafasi tupu, viungo vingine vinakatika na kushikana upya. Nguvu ikitoka, njia ya kurudi imefungwa. Kinachoweza kukirudisha ni moto mkali.

Hapo ndipo watu walielewa kitu kikubwa. Kioo hakina mpangilio wa mistari, lakini kina umbo lake ndani, na umbo hilo linaweza kubadilishwa na kubaki limebadilika.

Bridgman alifariki tarehe 20 Agosti 1961, akiwa na miaka 79, akiteswa na kansa. Mwaka uleule, kule Moscow, Stishov na Popova walifinya silisi pamoja na kuipasha moto, wakapata jiwe ambamo kila silisiumu ina oksijeni 6 badala ya 4. Lilipewa jina stishovaiti. Mwaka 1962 lilionekana katika shimo lililochimbwa na kimondo kule Arizona. Baadaye ikajulikana kwamba hata kioo, kikifinywa sana, kinaelekea kwenye hizo oksijeni 6, ingawa kikiachiliwa kinarudi kwenye 4.

Faida yake ni nini? Mawe yaliyoyeyuka chini kabisa ya ardhi hayana mistari, ni ndugu wa kioo. Kwa kufinya kioo katika labo, wataalamu wanakisia mawe hayo yanakuwa mazito namna gani huko chini, na kama yatapanda juu au yatazama. Hata karibu zaidi: ncha kali ikigandamiza kioo, pale inapogusa kioo kinafinyika kwanza kabla ya kupasuka. Wanaotengeneza vioo vigumu wanaanzia hapo, kwenye kile ambacho Bridgman alipima.