Maisha ya Daktari August Bier

Mwaka jana shangazi yangu wa Kibondo alipasuliwa ili ajifungue. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho muda wote, akasikia kilio cha kwanza cha mwanawe wala hakusikia maumivu ya kisu. Nilipouliza asili ya sindano ile nikapata habari za Daktari August Bier.

Bier alizaliwa Helsen, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 24 Novemba, 1861. Alisomea udaktari, akawa mpasuaji katika mji wa Kiel. Siku zile mgonjwa alivutishwa nusukaputi akalala fofofo, na wengine hawakuamka tena. Lakini mwaka 1884 Daktari Carl Koller wa Vienna alikuwa amekwisha onyesha kwamba kokeini yaweza kutia ganzi jicho peke yake. Bier akaazimu kuitia dawa hiyo katika maji ya uti wa mgongo, penye shina la mishipa ya fahamu.

Tarehe 16 Agosti, 1898, alimpasua kibarua mmoja mwenye kifua kikuu cha kifundo cha mguu. Mtu yule hakusikia kisu, lakini baadaye alitapika na kuumwa sana na kichwa. Bier akataka kujua sababu, na safari hii akajitoa yeye mwenyewe. Tarehe 24 Agosti msaidizi wake, Daktari August Hildebrandt, alimchoma mgongoni. Kumbe bomba na sindano havikuingiana, maji mengi ya mgongo yakamwagika. Ndipo Hildebrandt naye akakubali kuchomwa. Miguu yake ikafa ganzi, hata Bier alipompiga muundi kwa nyundo ya chuma hakusikia kitu.

Baadaye wote wawili waliugua, na Bier alilala kitandani siku kadhaa kwa kuumwa kichwa. Akatambua kuwa kupotea kwa maji yale ndiko kunakoleta maumivu. Ndiyo maana sindano za leo ni nyembamba sana, na kokeini imekwisha achwa kwa dawa zilizo salama zaidi.

Mwaka 1908 Bier alitangaza njia nyingine: kuufunga mkono kwa mpira na kutia ganzi katika mshipa wa damu. Alifariki tarehe 12 Machi, 1949.

Basi, ndugu zangu, tunapomsifu Bier tusimsahau Hildebrandt aliyepigwa nyundo. Na sisi tusomao sayansi hapa tujiulize kama tungethubutu kuonja wenyewe kwanza dawa tunayowapa wengine.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne