Joseph Olita na Uso wa Idi Amin

Miongoni mwa waigizaji wa Kenya waliowahi kufahamika nje ya mipaka ya nchi yao, marehemu Joseph Olita ana nafasi ya pekee: watu wengi waliujua uso wake bila kulijua jina lake.

Olita alitoka Alego, Siaya, eneo la Waluo lisilo mbali na mpaka wa Uganda. Asili hiyo si jambo dogo. Mnamo Februari 1976, Idi Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda, kwa sababu kabla ya 1902 Waingereza waliitawala kama sehemu ya Uganda. Madai hayo yaliimeza Siaya, yakaumeza mji wa Kisumu pamoja na fuo za wavuvi kama Dunga. Mtu aliyekuja kuvaa magwanda ya Amin mbele ya kamera alikuwa, basi, mzaliwa wa ardhi ile ile ambayo Amin aliitamani.

Amin alipinduliwa Aprili 1979. Punde si punde, mwelekezi Sharad Patel alitengeneza nchini Kenya filamu ya Rise and Fall of Idi Amin, iliyotolewa 1981, na Olita akawa mhusika mkuu. Kabla yake, Wamarekani Julius Harris (1976) na Yaphet Kotto (1977) walikuwa wamemwigiza Amin katika filamu za televisheni kuhusu uvamizi wa Entebbe. Hao walikuwa waigizaji ambao Hollywood iliwaita kujaza nafasi za pembeni: leo jambazi, kesho askari, kesho kutwa rais. Wote wawili walikuwa wameonekana katika filamu ya James Bond, Live and Let Die (1973). Kwao Amin alikuwa joho la kuazima, wakalivaa na kulivua. Olita hakupata nafasi ya kulivua.

Kiuhakiki, filamu ya Patel ilimchora Amin kama mhusika bapa: ukatili juu ya ukatili, hadi vichwa vya maiti ndani ya jokofu, kisa kilichotokana zaidi na uvumi kuliko ushahidi. Hata hivyo Olita alimtia mhusika huyo pumzi. Umbo lake kubwa lilimfaa, lakini umbo pekee halitishi mtu. Kinachotisha ni ile bashasha inayogeuka hasira bila onyo. Hapo ndipo hadhira inapomwona binadamu, na kumwogopa zaidi. Katika filamu hiyo hiyo, Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo na utawala wa Amin mwaka 1975 kisha akaachiliwa, alijiigiza mwenyewe.

Mwaka 1991 Mira Nair alitoa Mississippi Masala, filamu kuhusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda mwaka 1972. Olita alimo, kwa muda mfupi. Nafasi aliyopewa? Idi Amin.

Amin wa filamu ya 2006, The Last King of Scotland, aliigizwa na Mmarekani Forest Whitaker, aliyetuzwa Oscar mwaka uliofuata. Amin mwenyewe alikuwa amefia Saudia Agosti 2003. Olita alifariki Juni 2014 kwao Siaya, na hata siku hiyo vyombo vya habari vilimtambulisha kwa jina la Amin.