Baba ya Simba

Niliombwa niandike juu ya wema kwa wanyama, na najua wengi mlitarajia safina ya Nuhu. Mimi nimemchagua mtu wa bunduki.

George Adamson alizaliwa India mwaka 1906, akafika Kenya 1924 akiwa bado kijana. Alihangaika na kazi nyingi, hata kutafuta dhahabu, mpaka akaajiriwa na idara ya wanyamapori mwaka 1938.

Mwaka 1956, huko kaskazini, simba jike aliwajia mbio yeye na mwenzake, wakampiga risasi. Baadaye ndipo wakajua kwa nini alikuwa mkali hivyo: alikuwa na watoto watatu wachanga kwenye mawe. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Adamson angeweza kwenda zake, nani angemuuliza? Lakini aliona kwamba aliyewaua mama ndiye mwenye deni. Akawabeba hadi nyumbani, na mkewe Joy akawalea kwa maziwa ya chupa. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kabisa, Elsa, akabaki.

Sasa, kubembeleza mtoto wa mnyama ni rahisi, hata mtoto wa chekechea anaweza. Kazi ilikuwa kumwachilia. Simba aliyelishwa kwa mkono hajui kuwinda; ukimtupa porini atakufa njaa. Walikaa naye huko miezi, wakimfundisha polepole, mpaka akajitegemea kule Meru na kuzaa watoto watatu. Januari 1961 akafa kwa ugonjwa wa kupe, na kupe sisi wafugaji twamjua.

Mwaka 1970 Adamson alihamia Kora, karibu na mto Tana, akaendelea kurudisha simba porini. Watu wakamwita Baba ya Simba. Lakini nisiwafiche: mwaka 1971 simba wake aitwaye Boy alimuua mfanyakazi wake, na ni mzee mwenyewe aliyempiga risasi simba huyo. Wako waliomlaumu kwa kufuga hatari karibu na watu, nami siwezi kusema walikosea.

Hapa Kanduyi hatuna simba. Tuna punda wa kubeba maji, ng'ombe wa jembe, mbwa wa boma. Unakuta punda ana kidonda mgongoni na bado kamba inapita palepale, kijana yuko juu na fimbo, eti anachelewa. Someni Mwanzo 33: Yakobo, na haraka zote za Esau, alikataa kuswaga mifugo inayonyonyesha hata siku moja. Kijana, mpe punda maji kabla ya kumfunga mkokoteni. Weka gunia laini chini ya kamba, na kidonda kikitokea mpumzishe hadi kipone. Penye mlima, shuka usukume. Mbwa naye apelekwe chanjo ya kichaa, asingoje mpaka aume mtu.

Turudi kwa mzee. Tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na miaka 83, alisikia milio ya risasi karibu na kambi yake Kora. Majambazi walikuwa wamemvamia mgeni wake. Akaingia kwenye Land Rover yake akaenda kumwokoa. Mgeni alipona. Adamson aliuawa, pamoja na wafanyakazi wake wawili, akazikwa hukohuko Kora.