Isaac Newton: Zaidi ya tufaha, aliwinda watengeneza sarafu feki

Ukimtaja Isaac Newton, wengi wanakumbuka tufaha na somo la fizikia. Kumbe jamaa alitumia takriban miaka 30 ya mwisho ya maisha yake akisimamia sarafu za Uingereza.

Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwaka 1696, tayari akiwa maarufu, aliacha Cambridge na kwenda London kuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu, ndani ya ngome ya Tower.

Alikuta hali mbaya. Sarafu za zamani ziligongwa kwa nyundo, hazikuwa na duara kamili, hivyo wajanja walikata kingo, wakauza fedha iliyobaki mkononi na kutumia sarafu kama kawaida. Serikali ikaamua zote ziyeyushwe na kutengenezwa upya kwa mashine. Kubwa kati ya hizo mpya zilikuwa na maandishi kwenye ukingo. Ukikata tu, unajulikana.

Newton alipima mwendo wa mashine na watu, zikafika zaidi ya sarafu 50 kwa dakika. Viwanda vingine vitano vikafunguliwa Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York, kila kimoja na herufi yake chini ya picha ya mfalme.

Haraka ile iliacha makosa. Zipo sarafu ambazo jina la mfalme, GVLIELMVS, limekosewa herufi. Leo wakusanyaji wanazitafuta hizohizo.

Lakini feki hazikuisha, na sheria ilimpa Newton kazi ya kuwasaka wahusika. Alitumia wapelelezi na kuhoji mashahidi mwenyewe, zaidi ya mara 100.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa William Chaloner, fundi wa feki aliyethubutu kudai kwamba kiwanda ndicho kinachovujisha vifaa, na kwamba yeye aruhusiwe kuingia kukirekebisha. Newton alikataa, akakusanya ushahidi kimyakimya. Kutengeneza sarafu feki kulihesabiwa uhaini. Barua za Chaloner za kuomba huruma hazikumsaidia: Machi 1699 alinyongwa Tyburn.

Mwisho wa mwaka huo Newton akapanda kuwa mkuu wa kiwanda. Mwaka 1710 zamu ikawa yake kushtakiwa: ukaguzi ulionyesha dhahabu ya sarafu zake iko chini ya kiwango. Newton hakukubali. Alichunguza bamba la dhahabu lililotumika kulinganishia, la mwaka 1707, akaonyesha kwamba lilikuwa safi kupita kiwango. Sarafu hazikuwa na tatizo, kipimo ndicho kilichokosewa.

Alifariki mwaka 1727 akiwa bado kwenye cheo hicho, na kuzikwa Westminster Abbey.