Tsvet: Aliyetenganisha rangi za majani, akafa kabla ya kutambuliwa

MTAALAMU wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, ambaye mbinu yake ya kutenganisha kemikali hutumika leo katika maabara duniani kote, alifariki dunia mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 47, huku kazi yake ikiwa imepuuzwa na vigogo wa fani hiyo.

Tsvet alizaliwa Mei 14, 1872 mjini Asti, Italia. Baba yake alikuwa Mrusi. Mama yake, Mwitalia, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Alikulia Uswisi na kupata shahada ya udaktari mjini Geneva mwaka 1896, lakini alipohamia Urusi shahada hiyo haikutambuliwa, akalazimika kuanza upya.

Mwaka 1903, akiwa Chuo Kikuu cha Warsaw, mji uliokuwa chini ya Urusi, alieleza mbinu mpya. Alijaza unga wa chokaa ndani ya mrija wa kioo, kisha akamimina mchanganyiko wa rangi zilizokamuliwa kutoka kwenye majani. Unga ulizinasa rangi hizo kwa nguvu tofauti, zikajitenga matabaka ya kijani na njano. Mwaka 1906 aliiita mbinu hiyo kromatografia.

Hata hivyo, wanakemia mashuhuri waliitilia shaka, akiwamo Mjerumani Richard Willstätter, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, aliyeamini kuwa unga huo huharibu klorofili. Mwaka huohuo vita vilimwondoa Tsvet Warsaw. Alihama mji hadi mji, hadi mauti yalipomkuta Voronezh.

Haki yake ilipatikana mwaka 1931, pale Richard Kuhn, mwanafunzi wa zamani wa Willstätter, na Edgar Lederer walipotumia mbinu hiyo mjini Heidelberg kutenganisha rangi za karoti.

Mwaka 1975, Jerker Porath wa Sweden na wenzake walionyesha kuwa metali iliyofungwa ndani ya mrija inaweza kunasa protini. Leo, wataalamu wanaobadili vinasaba vya bakteria ili watengeneze protini fulani, huiongezea protini hiyo mkia, mara nyingi wa histidini sita. Nikeli iliyomo ndani ya mrija huushika mkia huo, uchafu ukapita, kisha kemikali ya imidazoli humiminwa ili kuiachia protini ikiwa safi.

Nikeli hiyo hufanya kazi ileile iliyofanywa na chokaa ya Tsvet: kukishika kimoja na kuviacha vingine vipite.