Yidnekatchew Tessema, Mchezaji Aliyeingia Ofisini

Pale Grande Barrière, penye njia ya kutoka Gisenyi kwenda Goma, habari za mpira wa miguu huvuka mpaka pamoja na watu na mizigo. Wapenzi wa mpira wa ng'ambo hawasahau kwamba Kongo ilitwaa Kombe la Afrika mjini Addis Ababa mwaka 1968, wala kwamba mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wale twawajua. Lakini ni nani waliopigania nafasi ile? Mmoja wao ni Yidnekatchew Tessema.

Bwana huyu alizaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1921. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri. Yidnekatchew aliichezea klabu ya Saint George ya Addis Ababa kwa miaka mingi, na timu ya taifa pia. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Shirikisho la Mpira la Afrika. Afrika Kusini ilikataa kuleta timu ya weusi na weupe pamoja. Basi ikaachwa nje, na Kombe la kwanza likachezwa Khartoum na timu 3 tu. Mwaka 1962, Tessema akiwa kocha, Ethiopia ililitwaa Kombe hilo kwa kuishinda Misri mabao 4 kwa 2.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa mezani. Katika Kombe la Dunia la 1966 Afrika haikutengewa hata nafasi moja. Mshindi wake alitakiwa kwanza apambane na washindi wa sehemu nyingine za dunia. Tessema na Ohene Djan wa Ghana walipinga vikali, na timu za Afrika zikajitoa. Safari ya Uingereza waliikosa, lakini kuanzia 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, na kufika 1982 zilikuwa 2.

Mwaka 1972 alichaguliwa Rais wa Shirikisho, akipokea kiti kutoka kwa Daktari Abdel Halim Mohamed wa Sudan. Miaka miwili baadaye, kura za Afrika zilisaidia sana kumwondoa Stanley Rous wa Uingereza katika urais wa FIFA na kumweka João Havelange wa Brazil. Mwaka 1976 FIFA iliifukuza Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Tessema alifariki Agosti 1987, akiwa bado Rais. Shirikisho halikuyumba. Daktari Abdel Halim, yule yule aliyemtangulia, alirudi kukishika kiti kwa muda, mpaka Issa Hayatou wa Cameroon alipochaguliwa mwaka 1988.

Wenzangu, kila mmoja wetu hutaka kuwa mfungaji wa mabao. Unapofika wakati wa kumchagua katibu wa timu au mweka hazina, wengi hutazama chini. Tukumbuke kwamba Zaire isingeonekana Ujerumani mwaka 1974 kama wasingalikuwapo watu waliokubali kukaa mikutanoni na kubishana kwa hoja. Na atakayekipata kiti kama hicho, akitunze vizuri, ili atakayemfuata akikute imara.